Usingizi wa Kaimu

Kijiwe chetu cha Nachingwea kilikuwa gogo la mninga lililoangushwa na makatapila ya mradi wa karanga, karibu na meko ya Mzee Hasani muuza kahawa. King'ora cha jioni kikilia tu, sisi hao, tumeshakaa. Abdulatifu tulimwita Grisi, maana kazi yake ilikuwa kupaka mashine grisi. Kipriani tulimwita Dresa, kama wale wafunga vidonda wa hospitali. Aliwahi kufagia zahanati. Jioni hiyo hatukuwa na raha. Asubuhi dereva mwenzetu Kaimu alisinzia juu ya katapila, likaingia jikoni kwa nyapara na kulaza banda pamoja na sufuria zake. Mpishi alipona kwa kuruka dirishani. Nyapara akamwambia Kaimu: ukisinzia tena, rudi kwenu Mtua ukalime mtama.

Kaimu alikaa katikati yetu, macho mekundu, kikombe mkononi.

— Jamani, nisaidieni. Mwili hauna nguvu kabisa. Nikipanda tu lile dude, kichwa kinaanguka.

— Ongeza kahawa, akasema Dresa. Damu yako imelala. Kahawa inaizaba makofi.

— Nakunywa tangu mchana.

— Basi bado. Haba na haba hujaza kibaba.

Mzee Hasani akamjazia kikombe. Yeye hakuwa na neno. Biashara ilikuwa inakwenda.

Grisi akatikisa kichwa.

— Mtu ni mashine, bwana. Mashine ikichoka unaipa nini? Mafuta! Si nilikwambia unywe mafuta ya ufuta, bakuli zima?

— Nilikunywa jana.

— Ukaonaje?

— Nilishinda porini, kaka, nimechuchumaa.

— Ehee! Na nguvu za kukimbilia porini ulizitoa wapi?

Tukacheka. Kaimu hakucheka.

— Tatizo ni maji, nikasema na mimi, sikutaka kuachwa nyuma. Maji yanaizimua damu kama mchuzi. Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Hawakusema uyanywe.

— Kweli tupu, akasema Dresa. Na asilale mapema. Usingizi ni kama mbwa wa jirani: ukimlisha leo, kesho anakuja na wenzake. Kaa nasi hapa mpaka uishe wenyewe.

— Si ndivyo ninavyofanya kila siku?

— Endelea. Mvumilivu hula mbivu.

— Mimi naona atembee kinyumenyume mpaka Ruponda, akasema Grisi. Uchovu humfuata mtu kwa nyuma. Akiufuata yeye kinyumenyume, utakimbia!

Dresa akabisha kwamba bora Nandagala, ni mbali zaidi. Walikuwa wamesimama kubishania njia, Swaumu, mke wa Kaimu, alipofika. Hakuwahi kukanyaga pale.

— Shikamoo, Mzee Hasani. Hamjambo, shemeji zangu?

— Hatujambo, shemeji! Karibu. Tunamtafutia mumeo nguvu.

— Asanteni. Nina swali dogo tu. Jana mume wangu alikula nini?

— Kahawa, Dresa akajaribu.

— Nimeuliza alichokula, shemeji.

Grisi akayatazama meko. Mimi nikajifanya nina mwiba mguuni. Swaumu akamgeukia mumewe.

— Mwenyewe unakumbuka?

Kaimu alifikiri.

— Sikumbuki, akasema polepole, kama mtu aliyesikia habari mbaya.

— Ugali, kunde na kisamvu. Vilipoa nikawamwagia kuku. Na juzi hivyo hivyo. Unarudi majogoo wanawika, unavaa viatu, unaondoka. Sasa lile dude likikulalia, hawa ndio nije niwaulize?

Kaimu akaweka kikombe chini, kingali kimejaa, akamfuata mkewe bila kutuaga.

Alikula, akalala mpaka king'ora cha asubuhi. Akaanza kurudi kwake mapema, akawa anakula na kunywa maji kama watu, na hakusinzia tena kazini. Nyapara alimwacha.

Lakini jioni ile ile, Swaumu alipoondoka na mumewe, kijiwe kilivunjika chenyewe. Mzee Hasani alibaki na birika lake, anashangaa. Nilifika nyumbani jua lingali juu. Mke wangu Zaina aliniona mlangoni, ungo ukamponyoka.

— Baba Sofia! Nani kafa?