Mzee Changanya Anaondoka, Nzi Weupe Wanabaki

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kupiga dawa kwenye vitalu nyumba vyetu, Mzee Changanya anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni. Nzi weupe wa kitalu cha nne wamepokea habari hizi kwa masikitiko makubwa. Wamefyonza matango yetu enzi zake zote, na wamenenepa.

Jina hilo hakupewa bure. Alipoanza kazi alikuwa na elimu yake mwenyewe: dawa moja ikiua, mbili zikichanganywa zitaua mara mbili. Siku moja akatia salfa ya unga na mafuta ya kupulizia katika bomba moja, akapiga kitalu kizima huku akiimba. Baada ya siku chache majani yote yalikuwa yameungua na kujikunja. Wadudu je? Wazima wa afya, wanatutazama. Bosi alimpa onyo kali, naye akalipokea kwa maringo kana kwamba kavishwa nishani.

Tangu hapo hakuna dawa iliyokutana na nyingine bila ridhaa yake. Kwanza alizichanganya kidogo kwenye chupa ya kioo, tena chupa ya sukari ya jikoni kwetu, akakaa kuitazama kama mama mkwe anayemkagua bibi harusi. Zikiganda au zikijitenga, ndoa imevunjika. Sukari yetu ikahamia kwenye mfuko wa plastiki, sisimizi wakashukuru sana.

Halafu kuna suala la mlango. Akishapiga dawa alifunga kitalu, akatia ufunguo mfukoni, na haingii mtu mpaka muda wa dawa uishe, hata awe nani. Watu wenye adabu humwita mtu wa namna hiyo makini. Sisi tulimwita mengine.

Mwaka mmoja lori la mteja lilipofika mapema, bosi aliamuru wachumaji waingie kitalu cha nne, dawa ikiwa bado mbichi kwenye majani. Mzee akasimama mlangoni. Bosi akamwambia afungue, la sivyo akabidhi ufunguo na kazi aisahau. Mzee alikuwa na watoto watatu shuleni.

"Nifukuze, bosi," akasema. "Lakini leo hawaingii."

Lori likaondoka tupu. Bosi akanuna mwezi mzima, mzee akavuliwa usimamizi kwa miaka miwili, na sisi wenye akili nyingi tukasema kichwa chake kigumu mno.

Miongoni mwa wachumaji waliorudishwa siku ile alikuwamo mke wangu, mjamzito wa miezi saba.

Basi mzee wetu, utani tumeumaliza. Ahsante sana. Tunakutakia mapumziko marefu, usingizi mtamu wa mchana na bustani isiyo na mdudu hata mmoja. Mke wangu anakusalimu. Binti yetu pia anakusalimu. Ana miaka tisa sasa, na hajawahi kulazwa hata siku moja.