Shati Kwenye Kamba

Viti vitupu vilikuwa tele ndani ya basi, lakini fundi cherehani alichagua kukaa nyuma ya wakulima wawili waliokuwa wakibishana. Kama macho hayana pazia, masikio je?

"Mama, choma miwa kabla ya kuvuna," alisema mwenye kofia. "Majani yanaisha, wakataji wanaingia bila kuchanwa mikono. Wewe unayatandaza shambani kama mkeka!"

"Ndiyo mkeka wenyewe, baba. Udongo unabaki na unyevu, magugu hayaoti. Machipukizi ya mwaka huu yamenipita kimo."

"Bwana shamba amekuroga."

"Amenifundisha, na alichosema nimekiona."

Fundi aliitikia kwa kichwa kumuunga mkono mama, ingawa shamba lake yeye lilikuwa kopo moja la maua dirishani.

"Sasa mbona huna raha?" mwenye kofia akauliza.

Mama alitazama nje. "Marehemu mume wangu alikuwa akichoma. Akirudi, moshi unamtangulia mlangoni. Nami namgombeza: vua shati hilo, unanuka moshi! Alipofariki nikalifua, kwa mazoea tu. Likatakata kabisa, hata ule moshi ukatoka."

Mwenye kofia akamgeukia.

"Jumamosi ulipochoma shamba lako, nilianua nguo zote kwenye kamba zisiingie masizi. Shati lile nikaliacha."

Basi likapunguza mwendo. Mama akakusanya vifurushi vyake, akasimama.

"Jirani," akasema, "ile sehemu iliyobaki utachoma lini?"

Basi likasimama, mlango ukafunguliwa.