Barua Sitini na Tatu za Mzee Méthode

Ijumaa, tarehe 27 Machi 2026, saa nane mchana, Mzee Méthode Kwizera atavua glavu zake kwa mara ya mwisho katika kiwanda chetu cha kufulia mashuka ya hospitali, Wetherill Park. Atakuwa ametimiza miaka ishirini na miwili na siku kumi na moja kazini. Hizo siku kumi na moja alizihesabu mwenyewe, kisha akaomba radhi kwa kutusumbua na hesabu zake. Wanaomjua hawakushangaa.

Alizaliwa Makamba, kusini mwa Burundi. Alivuka kwenda Tanzania mwaka 1972 akiwa na umri wa miaka kumi na mitatu, akarudi kwao, akakimbia tena mwaka 1993. Alifika Sydney na familia yake Novemba 2003. Miezi minne baadaye alikuwa hapa, upande wa mashuka machafu, na hakuhama tena. Tulimwomba mara tatu ahamie upande wa pasi, penye joto na harufu nzuri. Alijibu kwamba wapo wanaouhitaji zaidi. Jibu hilohilo alilitoa kuhusu fomu ya uraia, iliyokaa kabatini kwake tangu mwaka 2011, kana kwamba uraia hugawiwa kwa foleni na yeye akipokea wake, mwingine atakosa. Msomaji aikumbuke fomu hiyo.

Kazi yake ilikuwa kufungua mifuko ya mashuka na kutoa vitu vilivyosahauliwa vitandani: meno ya bandia, pete, rozari, vifaa vya kusikilizia, na mwaka 2015 kobe mdogo, akiwa hai. Kila kitu alikiandika kwenye daftari: tarehe, wodi, kitu chenyewe. Palipokuwa na mkoba au pochi, aliandika neno moja zaidi, haikufunguliwa. Wengine tungefungua japo kutafuta jina la mwenyewe. Yeye hakufungua hata pochi moja. Alikuwa akisema, "Mkoba wa mtu ni kama chumba chake."

Tabia yake ya pili ilimnyima raha msimamizi wetu wa zamu, Bi Stephania, Mtanzania asiyependa kupoteza muda. Kila lilipoharibika jambo, Mzee Méthode alimwandikia barua ya kuomba radhi. Shuka limepasuliwa na mashine, barua. Lori limechelewa, barua. Bi Stephania alimkataza kwa upole, kisha kwa ukali, mwishowe akawa anazitupia tu ndani ya boksi tupu la glavu lililokuwa chini ya meza yake.

Sasa tufike mahali ambapo wasifu wa kawaida ungeruka. Mwenyewe ameturuhusu tusiruke.

Juni 2023 Mzee Méthode alirudi kutoka Kigoma, kwenye harusi ya mpwa wake. Kama kila mtu wetu anayesafiri, alibeba mizigo ya watu. Mmoja ulikuwa mfuko wa unga wa muhogo, umeshonwa mdomo kwa uzi, aliopewa na mtu aliyejitambulisha kuwa shemeji wa mwanakwaya mwenzake. Ungepokelewa stesheni ya Seven Hills. Uwanja wa ndege alijaza kadi kwamba ana chakula, akaenda mwenyewe kwenye mstari wa ukaguzi. Ofisa wa forodha akakata uzi. Juu palikuwa na unga. Chini palikuwa na kilo tisa za majani ya tumbaku.

Nchi hii haina mzaha na tumbaku. Alifunguliwa mashtaka mawili ya jinai ya serikali ya shirikisho: kuingiza tumbaku kwa nia ya kukwepa ushuru, na kumdanganya ofisa wa forodha. Akitiwa hatiani angeweza kufungwa miaka. Na kifungo cha mwaka mmoja tu kingetosha kufuta viza yake, maana hakuwa raia. Ile fomu ilikuwa bado kabatini. Mtu aliyekwisha kuikimbia nchi yake mara mbili angefukuzwa, safari hii kwa ndege na kwa karatasi zilizopigwa mihuri.

Mwenye mzigo hakutokea Seven Hills. Simu yake haikupatikana tena. "Labda naye alidanganywa," alisema Mzee Méthode, nasi tukashika vichwa.

Alipewa wakili, Bi Kawira, mwanamke wa Meru aliyekulia Nairobi na kusomea sheria hapahapa. Utetezi wake ulikuwa mwepesi kuueleza na mgumu kuuthibitisha: mzee hakujua kilichomo. Alimpa sharti moja tu, asiseme wala kuandika neno lolote kuhusu kesi. Lilikuwa limechelewa. Wiki moja kabla, Mzee Méthode alikuwa amemwandikia barua yule ofisa wa forodha. Mjukuu wake Lyse, anayesikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, ndiye aliyeitafsiri, huku akimwambia, "Babu, don't." Babu akaituma. Ilisema: naomba radhi kwa kosa langu, na kwa kukuchelewesha chakula cha mchana.

Upande wa mashtaka uliiweka barua hiyo kuwa kielelezo namba moja.

"Mzee wangu," Bi Kawira alimuuliza, "hii barua uliandika ya nini? Si umekubali kosa mwenyewe, na sahihi umeweka?"

Kesho yake Bi Kawira alipokea barua ya kumwomba radhi kwa ile barua.

Chumba cha chai kilichemka miezi ile kuliko birika lenyewe. Kwetu mtu akikasirika mbele yako, unaanza na radhi ili moyo wake utulie, ndipo mnazungumza nani alifanya nini. Hilo wengi wetu tulilelewa nalo, na wengi tumejifunza hapa kuliacha mlangoni. Yeye hakuliacha popote.

"Unaomba radhi ya nini na hukufanya?" Bi Stephania alimfokea.

"Yule mama wa forodha alikuwa amekasirika, binti yangu. Radhi kwanza, ukweli unafuata."

"Hapa ukweli haufuati, baba! Hapa wanaofuata ni polisi!"

Dhamana yake ilimtaka aripoti kituoni kila Jumatatu. Kila Jumatatu alimwomba radhi polisi wa zamu kwa kumfanya atafute jalada.

Mwishoni mwa mwaka 2024 Bi Kawira alikuja kiwandani kutafuta watu wa kushuhudia tabia ya mteja wake. Bi Stephania, aliyekuwa amekwisha kuchoka na kesi, na barua, na mzee mwenyewe, alilivuta lile boksi na kulibwaga mezani.

"Wakili, huyu hateteeki! Soma mwenyewe! Miaka ishirini ananiandikia upuuzi huu!"

Bi Kawira alisoma ya kwanza. Akasoma ya tano. Kufika ya kumi aliomba kiti. Alizihesabu zote, zikawa sitini na tatu, na hakuna hata moja iliyohusu kosa lake mwenyewe. Kisha akauliza kama mzee ana maandishi mengine. Tukamletea daftari la vitu vilivyookotwa.

Kesi ilisikilizwa Parramatta, Machi 2025, mbele ya jaji na jopo la raia kumi na wawili. Kwa mashtaka ya shirikisho wote kumi na wawili sharti wakubaliane. Bi Stephania alipanda kizimbani na boksi lake la glavu. Alisoma kwa sauti ileile anayotusomea ratiba ya zamu: naomba radhi kwa umeme kukatika Jumanne; naomba radhi kwa mashine namba tatu, iliyoharibika nikiwa likizo; naomba radhi kwa mvua iliyolowesha mifuko kabla sijafika. Watu wa jopo walianza kuinamisha nyuso. Mwendesha mashtaka alimuuliza kama mshtakiwa amewahi kuomba radhi kwa kosa alilolifanya kweli. Bi Stephania alifikiri sana.

"Hapana," alisema. "Mwaka 2009 alichelewa dakika nne. Siku hiyo hakuandika. Aliona haya."

Baadaye Bi Kawira alifungua daftari na kulisomea jopo, ukurasa baada ya ukurasa: pochi ya kahawia, haikufunguliwa, mkoba wa bluu, haukufunguliwa, bahasha nene, haikufunguliwa. Aliwauliza kama mtu asiyefungua pochi iliyookotwa ndani ya shuka chafu angefumua uzi wa mfuko aliokabidhiwa mkononi. Akaketi.

Jopo lilikaa siku moja na nusu. Hana hatia, shtaka la kwanza. Hana hatia, la pili. Mzee Méthode aliinuka na kuwageukia, mdomo umeshafunguka. Bi Kawira alimshika mkono. "Mzee, usithubutu." Akaketi. Nje alimwomba radhi askari wa mlangoni, lakini kesi ilikuwa imekwisha.

Mwezi uliofuata alijaza ile fomu. Februari mwaka huu amekula kiapo cha uraia, Lyse akiwa kando yake akilia na kucheka. Mizigo ya watu bado anakubali kubeba. Ila sasa anaomba kwanza mwenye mzigo aufungue mbele yake, na anapoomba hivyo huinamisha kichwa kama anayeomba figo. Daftari amelikabidhi kwa zamu ya mchana, likiwa na kurasa sita tupu na kalamu imefungwa kwa uzi.

Limebaki jambo moja, na mwandishi wa ukurasa huu analiandika bila raha. Katika miezi ile ishirini na moja ya kesi, meza ya Mzee Méthode katika chumba cha chai ilikuwa na kiti kimoja chenye mtu. Tulimkemea kwa barua zake, tukacheka, halafu tukaenda kuketi kwingine, kwa kuogopa kwamba kesi ya shirikisho huambukiza. Waliokuwa wakimpa lifti kutoka stesheni walibadilisha njia. Alikuja kwa miguu, na hakuchelewa. Barua zake zilifika sitini na tatu, na hakuna hata moja ambayo mtu yeyote alimwandikia yeye.

Kwa hiyo Ijumaa Bi Stephania atalirudisha boksi lake mezani, na ndani yake ataweka barua ya sitini na nne. Ina sahihi za wafanyakazi wote arobaini na wawili, na kosa linalotajwa humo lilitendeka kweli, na waliolitenda ni sisi.

Mzee Méthode, asante kwa mashuka, kwa daftari na kwa uvumilivu wako juu ya ukali wetu. Uketi na wajukuu, ule chakula chako kikiwa cha moto, ulale bila saa ya kengele. Tunakuomba radhi. Nawe, kwa agizo la wakili wako, huruhusiwi kujibu.

Elkana, zamu ya asubuhi, kwa niaba ya wenzako