Kalyango ya Mwezi wa Saba

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Uvira mjini, mlioko Kalundu, na ninyi wa huko Sange na Kamanyola, tunawasalimu. Kipindi cha leo ni cha Frédéric Ndayiragije. Mwalimu Frédéric amefariki. Mwandishi wa kitabu cha *Kalyango* amefariki Jumanne iliyopita hapa Uvira, baada ya kuugua mapafu kwa muda mrefu, na amezikwa kwao Sange.

Wengi wenu mlikisoma kitabu hicho shuleni. Wengine mlikisikia kikisomwa hapahapa redioni, mkatuomba tukirudie. Kwa hiyo mnatarajia tumsifu, na tutamsifu. Lakini binti yake, Laure, alipofika studio jana hakukubali kukaa. Alisimama mlangoni akasema: "Kama munataka kumusifu Papa, mumusifu. Lakini museme na ya Mama. Kama hamutasema ya Mama, miye narudi nyumbani." Tulimwahidi kwamba tutasema.

Tuanzie Sange. Frédéric alizaliwa Sange, kwa wakulima wa mpunga. Sange mnaijua: joto, vumbi la barabara kubwa, na mbu wasio na adabu. Mtoto wa huko ziwa analisikia tu kwa watu. Frédéric alikuwa na bahati. Mama yake mkubwa, Ninahazwe, aliolewa na mvuvi wa Kalyango, kijiji kidogo mbele ya Kalundu, njia ya Fizi. Shule zilipofungwa, mwezi wa saba, baba yake alimpakia kwenye gari, akaenda vakansi kwa mama mkubwa. Shule zilipofunguliwa, mwezi wa tisa, alirudi Sange mweusi kwa jua na amenenepa kwa ndagala, wale dagaa wa ziwa.

Wasikilizaji, lishikeni jambo hilo. Alikwenda mwezi wa saba, alirudi mwezi wa tisa. Kila mwaka ilikuwa hivyohivyo.

Kalyango kulikuwa na mahali alipopapenda kuliko pote. Ni bonde pana la mawe meupe, linaloshuka kutoka milimani mpaka ziwani. Katikati kuna mchanga laini. Watoto walichezea mpira pale. Wanawake walianika ndagala juu ya mawe, maana yanashika joto vizuri. Vijana waliochumbiana walipita pale wakijifanya wanakwenda kuoga. Generose, mtoto wa mama mkubwa, ambaye kwa hesabu ya kwetu ni dada yake kabisa, anakumbuka: "Fredi alikuwa analala juu ya mawe, macho juu, anajisemesha peke yake. Tulizania atapata wazimu. Kumbe njo alikuwa anatunga."

Alipokuwa mwalimu kule Sange, aliandika kitabu. Hadithi yote inatokea pale kwenye mawe meupe. Katika kitabu mahali pale ni barabara. Waliogombana wanapatana kwenye barabara ile. Waliokimbia vita wanarudi nyumbani kwa barabara ile. Ni kitabu kitamu, hatutawadanganya. Msichana mmoja wa Kamanyola, Ernestine, alikisoma kabla hajamjua mwandishi, akawaambia wenzake kwamba mwanaume wa namna ile angeolewa naye hata bila mahari. Mahari ilitolewa, msiwe na wasiwasi. Wakaishi Sange, wakamzaa Laure, na jioni Ernestine alimsomea mtoto habari za Kalyango mpaka mtoto akazijua kwa kichwa.

Sasa tunafika penye uchungu.

Frédéric alipostaafu, alisema anahamia Kalyango. Hakutaka kule juu kijijini, kwenye nyumba za wenyeji. Alitaka palepale kwenye mawe meupe. Generose alimwambia mbele ya mkewe: "Fredi, hii haiko barabara. Iko fasi ya maji. Mvula ikinyesha kule mulimani, muto unapita hapa." Frédéric alicheka. Alimjibu: "Generose, hii fasi naijua tangu utoto. Niliiandika."

Ernestine hakucheka. Alitazama huku na huku, akamwuliza mumewe: "Mbona hakuna nyumba ya muntu hapa?" Frédéric akasema wenyeji hawajui uzuri wa kwao. Alisema hivyo mbele ya dada yake aliyezaliwa pale! Na Ernestine akakubali. Laure hadi leo hajalisamehe jambo hilo. "Mama hakuwa mujinga," alituambia. "Aliona. Lakini ile kitabu ilikuwa imemuingia. Alisema, kama Fredi anasema iko barabara, basi iko barabara."

Nyumba ilijengwa. Ilikuwa nyumba nzuri, ya matofali, imetazama ziwa. Mwaka wa kwanza mvua ilikuwa haba. Maji yalipita pembeni, membamba, hata kuku angevuka. Frédéric akamwita Generose aje aone. "Njo hii unaniogopesha nayo?" akamwuliza. Halafu wakaja wengine, vijana waliokisoma kitabu. Wa kwanza walikuwa Thierry, dereva wa pikipiki, na mkewe Délice. Délice alitaka watoto wake wakulie ndani ya hadithi. Walijenga kando kidogo, palipoinuka.

Mwaka uliofuata, mwezi wa nne, Frédéric alikwenda Kalundu kutafuta mbao za baraza. Kalyango jua lilikuwa linawaka. Mvua ilikuwa imenyesha kule juu milimani, na chini hakuna aliyeiona. Ernestine alikuwa nyuma ya nyumba, anaanika nguo juu ya mawe. Generose alisikia ngurumo ambayo wenyeji wote wanaijua, akatoka mbio anapiga kelele. Ernestine aliinua kichwa. Hakuwa na habari kwamba ile ni sauti ya maji. Nani angempa habari hiyo? Kitabuni haimo.

Wavuvi walimleta kesho yake, kutoka ziwani. Ya nyumba haikubaki hata kizingiti.

Laure anasema: "Papa alijua Kalyango ya mwezi wa saba. Ya mwezi wa ine hakuijua. Alikuwa muntu wa vakansi." Wasikilizaji, maneno hayo yanauma, na yeye alitaka yaume. Mtu anaweza kupapenda mahali maisha yake yote, na asijue pakoje akishaondoka.

Baada ya hapo Frédéric hakuwa mtu tena. Alitaka kuandika Kalyango ya mvua. Kila alipoanza, alifika penye habari ya Ernestine, akaiweka kalamu chini. Akaona jambo moja tu limebaki. Nyumba ya Thierry na Délice maji yaliigusa ukuta tu, yakaiacha. Akaenda kwao kuwaomba wahame. Walimpa kiti, wakampa chakula, wakamwita mwalimu. Thierry akamwambia: "Mwalimu, weye mwenyewe uliandika: hapa hapiti maji, hapa wanapita watu. Nilishika kwa kichwa."

"Nilidanganya," Frédéric akasema.

"Hapana, mwalimu. Hukudanganya. Uko na huzuni tu. Mungu atakusaidia."

Alirudi tena. Alirudi mara nyingi, akikohoa, na fimbo mkononi. Waliendelea kumheshimu, na waliendelea kukaa. Mawe yaliyoletwa na mto wakayaokota, wakajengea msingi. Leo kuna nyumba pale nyingi kuliko wakati wa Ernestine. Siku chache kabla hajafa, kitandani, alimwuliza Laure kama wale watoto wa Délice wameshahama. Laure hakutaka kumdanganya mgonjwa. Akamwambia hapana. Frédéric akageukia ukutani.

Wasikilizaji wapendwa, kwa desturi ya kipindi hiki, hapa tungesoma kipande cha maneno ya marehemu. Tulikuwa tumeshachagua ukurasa. Laure akatukatalia. "Musisome," alisema. "Kila mukisoma, kuko muntu anabeba tofali." Kwa hiyo leo hatusomi.

Tunampa pole Laure, aliyezika mama na sasa amezika baba. Tunampa pole Generose, aliyesema mapema na hakusikilizwa. Pole kwa walimu wa Sange, na kwa ndugu wote wa Kamanyola. Kila mmoja wetu ajiulize leo ni mahali gani anapopasifu bila kuwauliza wanaoishi pale mwaka mzima.

Na ninyi mlio kwenye mawe meupe. Thierry, Délice, na majirani zenu. Mvua imeshaanza kunyesha milimani, tumeambiwa na watu wa huko juu. Ninyi hatutaki kuja kuwapa pole. Chukueni watoto mpande kwa Generose. Anasema mlango wake uko wazi, kama hamjui pa kwenda. Msituambie kitabu kinasema nini. Aliyekiandika alikuja kwenu kwa miguu yake, mgonjwa, akawaambia mhame.