Mkwaju Kati ya Sironga na Nalepo

Benchi la kahawa la Hildegarda limeegemea ukuta wa steshenari, hatua chache kutoka soko la Kilosa, na mguu wake mmoja umeinuliwa kwa tofali kwa sababu mwenye benchi amechoka kumsubiri fundi. Saa moja asubuhi birika linakuwa limechemka. Saa mbili wanakuwa wamefika wale watatu ambao hajawahi kujua kazi zao zinaanza saa ngapi. Wa kwanza ni Abubakari, aitwaye Treni, aliyebeba zege miezi minne reli mpya ilipokuwa inajengwa, na tangu hapo kila kinachotumia umeme anakijua yeye. Wa pili ni mzee Makarius, Takwimu, karani mstaafu wa ghala la pamba, asiyesema jambo bila kulitajia asilimia. Wa tatu ni Beda, Mhuri, mwandishi wa chama cha wafugaji, ambaye daftari lake kubwa halimtoki kwapani hata akienda msalani. Jumanne hiyo alikuwepo na wa nne: Upendo, binti wa Hildegarda, amekaa mwisho wa benchi, kompyuta mapajani, amekunja uso kama aliyeng'ata ndimu.

— Imegoma tena, — alisema Upendo.

Hildegarda hakuinua kichwa kutoka kwenye vikombe. — Imegoma wapi?

— Palepale. Picha ya arobaini na moja.

Hildegarda akatazama saa ya simu. Saa mbili na robo. Saa nne mzee Sironga, mwenyekiti wa wafugaji, angekuja kuichukua ile kazi aende nayo mkutanoni Mikumi, ikaonyeshwe ukutani. Akitia saini fomu ya kuipokea, Upendo anapewa na vijiji vilivyobaki. Asipotia, kazi inakwenda kwa kijana mmoja wa Morogoro ambaye, kwa habari za Beda, ana kompyuta mbili. Cheti cha Upendo kilikuwa na miaka mitatu chini ya godoro. Hildegarda alikuwa anakitandikia shuka kila asubuhi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Beda alizunguka maboma akipiga picha ng'ombe mmojammoja, ubavuni, chapa ionekane. Kila picha akaiandikia jina la mwenye ng'ombe kwenye daftari, na namba inayoanzia moja kwa kila jina. Upendo akaliingiza daftari lote kwenye kompyuta, vilevile lilivyo, kisha akaandika programu ya kuichukua kila picha, kuipa jina lake la daftarini na kuihifadhi. Picha arobaini zilipita vizuri. Ya arobaini na moja ikagoma.

— Isome hiyo, — alisema Takwimu.

— "Sironga mkwaju Nalepo, moja."

— Mkwaju gani tena?

— Ule mstari wa kuegemea, babu. Kama kwenye barua za ofisini, kumbukumbu namba fulani mkwaju fulani.

— Aaa, hapo sasa! — Treni alipiga goti. — Si mngeniuliza mimi tangu jana? Mstari ulioegemea ni sawa na waya ulioegemea. Moto unakuja zake kwenye faili, unakuta waya umeinama, unashuka chini. Shoti! Pale relini tulikuwa haturuhusiwi hata kuegemeza koleo.

— Wewe ulikuwa unabeba zege, — alisema Beda.

— Zege la treni ya umeme!

— Si umeme, mjomba Abuu, — alisema Upendo kwa sauti ya mtu aliyekesha. — Kompyuta ikiona mkwaju ndani ya jina inadhani unaielekeza kabatini. Inadhani Sironga ni kabati, na Nalepo ni kitu kilichomo ndani yake. Inalitafuta kabati la Sironga, hailioni, inakataa.

Benchi lilitikisika kwa kicheko.

— Sasa imekosea nini? — aliuliza Takwimu. — Sironga si kabati yule? Kitu kikishaingia kwake, nani amewahi kukiona kikitoka? Asilimia themanini na saba ya wenyeviti ni makabati.

— Punguza sauti, mzee, — alisema Beda. — Yule ni bosi wangu.

— Na ya sitini na tatu ina alama ya kuuliza, — aliendelea Upendo. — Hiyo nayo kompyuta haitaki kwenye jina. Imejiwekea yenyewe kwa kazi ya kutafutia. Na nyota hivyohivyo. Nyota kwake maana yake ni "vyote". Mtu akiiambia futa nyota, inafuta kila kitu kilichomo.

Beda aliweka kikombe chini taratibu. — Nyota mimi nimeweka kwa ng'ombe mwenye mimba.

— Yaani ng'ombe wa mtu akibeba mimba, tunafutwa wote? — aliuliza Treni.

— Wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali, — alisema Takwimu kwa uzito.

— Hapo linaingiaje hilo?

— Litaingia. Lipe muda.

Hildegarda alimwaga mashapo ya kahawa barazani. — Beda, kwani ulikuwa unaandika daftari au unatarizi kitambaa? Mikwaju, nyota, viulizo! Jina si ungeandika jina tu?

Beda alivuta daftari mapajani na kulifungua kama anayefungua kesi. — Mama Upendo, ng'ombe si kuku. Ukiona mkwaju, ujue mume ameshampa mke huyo ng'ombe, ni wa nyumba ya mke, hauzwi mpaka mke aulizwe. Ukiona alama ya kuuliza, ujue mume na mke bado wanavutana. Mimi nikifika bomani nauliza, wakikubaliana naweka mkwaju, wakikunjiana uso naweka kiulizo naondoka haraka. Ndiyo kazi ya mwandishi hiyo.

— Sawa, — alisema Hildegarda, ambaye masikio yake yalisikia na kichwa chake kikabaki kwenye saa nne. — Lakini mkutano ni leo.

— Tatizo si alama, — alisema Treni. — Hizo picha za mwanzo, arobaini, zilipigwa wapi?

— Huku Kilosa.

— Na kuanzia ya arobaini na moja?

— Upande wa Mikumi.

— Kimeumana! — Treni alisimama. — Tembo! Pale hifadhini kuna tembo wangapi? Meno ya tembo yana sumaku, jamani. Ndiyo maana hata malori pale barabarani yanapunguza mwendo. Mnadhani ni matuta? Ni sumaku. Ng'ombe amekula majani ya jirani na tembo, amepigwa picha, sumaku imeingia kwenye simu ya Mhuri, imetoka kwenye simu, imo kwenye kompyuta!

— Asilimia arobaini ya hiyo ni kweli, — alisema Takwimu.

— Ipi?

— Ya malori.

— Oya, mimi nawaambia. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Tembo ukishakaa naye jirani, huna budi kumzimia simu.

— Hapana, — alisema Takwimu. — Dawa ni moja. Samaki mkunje angali mbichi. Huo mkwaju ukunjwe, uwe mviringo, uonekane kama sifuri. Kompyuta inapenda sifuri. Inakula sifuri na moja tu, kama mgonjwa wa vidonda vya tumbo.

— Babu, kidogo hapo umegusa ukweli, — alisema Upendo.

— Mimi? — Takwimu alishtuka mwenyewe.

Saa tatu na dakika ishirini. Hildegarda alijifuta mikono kwenye kanga, akaenda kusimama nyuma ya binti yake. Kwenye kioo hakuelewa hata mstari mmoja, lakini mchele alikuwa anaujua.

— Mchele ukiwa na mawe unafanyaje?

— Unachambua.

— Basi chambua. Alama zote hizo zisizotakiwa, toa. Weka kitu ambacho hiyo mashine inakikubali, twende.

— Naweza kuzigeuza zote ziwe mstari wa chini. Ule hauna shida.

— Geuza.

— Zote? — aliuliza Beda.

— Zote, Beda. Kunywa kahawa.

Upendo aliandika mistari miwili, akabonyeza. Safari hii picha zilianza kupita. Arobaini, arobaini na moja, sitini na tatu, mia, mia mbili. Treni akawa anazihesabu kwa sauti kama kondakta. Ilipofika mwisho, kioo kikaandika kwamba kazi imekamilika bila tatizo, na benchi zima likashangilia, kila mmoja kwa sababu ya nadharia yake.

— Nilisema sumaku inachoka yenyewe, — alisema Treni.

Upendo alikuwa bado anatazama kioo. — Mama. Zimeingia mia tatu na kumi na mbili. Zilizopo ni mia tatu na kumi na moja.

— Nani atahesabu? — alisema Hildegarda. — Weka kwenye flashi.

Mzee Sironga alifika saa nne kasoro dakika tano, shuka jekundu juu ya koti, fimbo mkononi. Nyuma yake, akishuka kwenye bodaboda ya pili na dumu la maziwa, alikuwa Nalepo, mke wake wa tatu, ambaye maziwa yake huyauza Mikumi kwenye nyumba za wageni.

— Shikamoo, mzee, — alisema Upendo. Treni na Beda nao wakatoa shikamoo zao.

— Marahaba. Iko tayari?

— Iko tayari kabisa, — alijibu Hildegarda kabla mtoto hajafungua mdomo. Fomu ilikuwa imeshawekwa juu ya daftari la Beda, na kalamu juu ya fomu.

Sironga aliichukua kalamu. Nalepo, ambaye alikuwa amesimama pembeni na dumu lake, akamsogelea Upendo.

— Mwanangu, nionyeshe wangu kwanza nimwone.

Upendo alitafuta jina, akafungua. Kwenye kioo akatokea mtamba mweusi tii, anatazama kamera kwa dharau.

— Huyu siye, — alisema Nalepo. — Wangu ana baka jeupe usoni, na pembe moja imeshuka.

Upendo akatafuta tena. Hakukuwa na mwingine. Hildegarda alimwona mtoto wake akiweka kiganja mdomoni, na kabla hajaambiwa akajua kwamba ile picha moja imepatikana ilikopotelea.

— Walikuwa wawili, — alisema Upendo polepole. — Sironga mkwaju Nalepo, moja. Na Sironga kiulizo Nalepo, moja. Mimi nikageuza alama zote kuwa mstari wa chini. Majina yakawa sawasawa. Kompyuta haiweki wawili wenye jina moja pamoja, kwa hiyo aliyekuja nyuma akamfuta wa mbele.

— Mmoja kati ya mia tatu na kumi na mbili! — alisema Takwimu kwa uchangamfu. — Asilimia tisini na tisa nukta saba ya ng'ombe wamefika salama.

— Aliyepotea ni wangu, — alisema Nalepo.

Takwimu akatazama ndani ya kikombe chake.

— Ni picha tu, — alisema Sironga. — Tutarekebisha hukohuko Mikumi. — Akainamisha kalamu.

Hildegarda aliitazama ncha ya kalamu ikishuka. Saini moja tu, Mungu wangu, halafu wakagombane wanakokwenda.

Nalepo aliinama karibu na kioo, akaweka kidole chini ya jina. Kusoma alikuwa amejifunza ukubwani, herufi mojamoja. — Sironga. Kimstari. Nalepo. Huu mstari wa chini maana yake nini? Nimepewa, au tunagombania?

Upendo alimtazama Beda. Beda alipitisha kidole kwenye ukurasa wa daftari, akamtazama Takwimu.

— Haumaanishi kitu, mama, — alisema Upendo hatimaye. — Niliuweka ili kompyuta inyamaze.

Akanyoosha mkono, akachomoa flashi, akaifumba kiganjani.

— Upendo! — alisema mama yake.

— Bado, mama. Mzee, naomba nusu saa. Alama nazitoa, ila naweka maneno, maneno kompyuta inayakubali. Palipo na mkwaju naandika "kapewa". Palipo na nyota naandika "mimba". Palipo na kiulizo naandika "ugomvi". Hakuna atakayemfuta mwenzake.

Sironga aliiacha kalamu hewani. — "Ugomvi"? Mkutano mzima wa Mikumi usome kwenye ukuta kwamba mwenyekiti ana ugomvi na mke wake?

— Basi huyu mweusi nimwandike "kapewa", mzee?

Muuza mitumba wa jirani aliacha kupanga suruali. Nalepo alitua dumu chini, akakunja mikono, akamtazama mumewe kwa heshima zote na bila kupepesa. Beda alikuwa ameshika kifutio juu ya daftari, tayari kwa lolote. Sironga alimtazama mtamba kwenye kioo, na mtamba akamtazama yeye.

— Mama Upendo, — alisema mwenyekiti, huku akijivuta kukaa kwenye benchi, — hebu nimiminie kahawa kwanza.

Hildegarda alilishika birika. Lilikuwa zito, nusu nzima ilikuwa bado imo. Akaitazama fomu isiyo na saini, akautazama mkono wa binti yake uliofumba flashi. Akalirudisha birika jikoni, akageuza mfuniko ili mvuke usionekane.

— Imekwisha, mzee, — alisema. — Wewe jibu.