Fundi Aliyezungumza na Waliokwama

Ndugu, majirani, na ninyi mafundi wenzake mliosimama nyuma kwa sababu ya viatu vya kazi, sogeeni mbele. Yeye asingependa mkae huko. Haya yameandikwa na shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye walitaniana kwa miaka ishirini na minne bila hata mmoja kushinda. Mkewe alitoa sharti moja tu: yasemwe kama yalivyokuwa, hata yale yasiyopendeza.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1968, mtoto wa pili wa fundi baiskeli na mshonaji. Alizaliwa mdogo mno, na wiki zake za kwanza alilazwa kwenye kikapu cha vitambaa kando ya cherehani. Dada yake mkubwa, ambaye tunaye hapa, anasema hakuwa mtoto wa kulia. Alikuwa anatazama tu, kama mtu anayetafuta kasoro.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1976 hadi 1982. Akiwa darasa la tano aliifungua saa ya ukutani ya mwalimu mkuu, kwa sababu ilikuwa ikichelewa dakika kumi na hakuna aliyejali. Alipoirudisha, skrubu moja ilibaki mkononi. Mwingine angeitupa dirishani akanyamaza. Yeye aliipeleka ofisini mwenyewe na kusema, "Mwalimu, hii imezidi." Saa ikatembea, na kiboko nacho kikatembea. Alimaliza sekondari mwaka 1986, akaingia chuo cha ufundi, na mwaka 1989 akapata cheti cha umeme.

Tarehe 2 Aprili 1990 aliajiriwa kuwa fundi wa lifti, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na miwili. Wengi wetu hatujui jina lake la kwenye cheti. Alikuwa Fundi Nipo, na jina hilo alilipata kazini. Watu wakikwama ndani ya lifti, mafundi wengine walikimbilia chumba cha mitambo juu ya paa. Yeye alianzia mlangoni. Aligonga mara tatu, akasema, "Nipo." Kwenye majengo ya zamani milango ni mizito na sauti haipenyi vizuri, kwa hiyo aliwafundisha waliokwama: gonga mara moja, ndiyo, mara mbili, hapana, mara tatu, nipo. Hapo ndipo alipopanda juu kushika mitambo. Na alikuwa mkali kwa mtu yeyote aliyesimama nje ya mlango akisema, "Hawa leo wamekwisha." Alikuwa akiwaambia mafundi wapya, "Zungumza na aliye ndani. Usizungumze juu ya kichwa chake. Anasikia kila kitu."

Mkewe alimpata humo humo. Ijumaa tarehe 17 Mei 1996, karani mmoja wa ghorofa ya saba alikwama peke yake na boksi la mafaili na chupa ya chai. Akasikia ngo, ngo, ngo.

"Nipo, dada. Unaumwa popote?"

"Siumwi, ila bosi wangu ana mdomo. Nimechelewa."

"Basi mwambie umeshikwa na fundi."

Walizungumza saa moja na dakika kumi. Mlango ulipofunguka, karani akamtazama juu mpaka chini na kusema, "Kumbe mfupi hivi! Sauti yote hiyo inakaa wapi?" Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1998, wakajaliwa mabinti wawili. Mafundi wenzake walizoea kunong'ona kwamba hitilafu ya siku ile haikuwa ya saa nzima. Yeye alikana kwa kiapo, mbele ya wakwe, kila sikukuu.

Waliishi ghorofa ya nne, kwenye jengo lisilo na lifti. Ngazi sabini na mbili. Akitaniwa alisema, "Nashinda nikipandisha wengine, acha miguu nayo ipate kazi." Tulicheka sana kwa neno hilo. Siku hizi hatuwezi kulikumbuka tukacheka.

Ugonjwa ulianza Januari 2022, na ulianza kama mzaha. Alikuwa juu ya paa na mwenzake, akanyoosha mkono na kusema, "Nipe kijiko." Alitaka bisibisi. Mwenzake akaangua kicheko. Kesho yake bisibisi ikawa mswaki, keshokutwa ikawa "ile kitu ya kule". Kwa kuwa alikuwa mtu wa utani, wiki sita nzima tulimcheka. Shemeji mtu ndiye aliyeongoza. Tarehe 23 Februari alianguka mezani akapatwa na degedege, na picha za hospitali zikaonyesha uvimbe upande wa kushoto wa ubongo. Alipasuliwa tarehe 4 Machi. Uvimbe ulikuwa saratani, ya aina ile inayokua haraka na kurudi hata ikikatwa.

Daktari alimweleza mkewe kwenye korido, kati ya mashine ya maji na kiti kilichovunjika mguu. Wagonjwa wengi, alisema, huishi miezi kumi na miwili hadi kumi na mitano. Mkewe akasema, "Usimwambie. Nitamwambia mwenyewe." Lakini hakumwambia. Alirudi wodini akiwa amejipaka tabasamu, akasema, "Wameutoa wote." Ndugu wote tulikubaliana naye, na tangu siku hiyo kila aliyeingia kumwona aliingia na uongo ule ule.

Alipata mionzi mara thelathini na vidonge vilivyomtapisha. Juni na Julai alirudi kazini, akaketi ofisini akipokea simu, na sote tukaanza kuuamini uongo wetu. Septemba ugonjwa ulirudi. Dawa za kupunguza uvimbe zilimvimbisha uso, zikampa njaa isiyoshiba na hasira isiyo yake. Mtu ambaye hakuwahi kuinua sauti ndani ya nyumba alimrushia bintiye mdogo kikombe kwa sababu chai haikuwa na sukari, kisha akaketi sakafuni akilia bila kujua analilia nini. Mkewe alikuwa akisema, "Huyu siye." Na dakika tano baadaye anarudi kuwa yeye, jambo ambalo liliuma zaidi.

Tarehe 14 Novemba 2022 mguu wa kulia ulikataa. Alipandishwa mgongoni mwa jirani, na hakushuka tena. Mara mbili alijikokota kwenda mlangoni akaanguka, ndipo mkewe akaanza kufunga kwa ufunguo na kuutia mfukoni mwa gauni. Na aliyemfungia alijifungia naye. Aliacha kazi. Jirani alileta mahitaji, akayaacha mlangoni. Kuna asubuhi mkewe alisimama juu ya ngazi na beseni la nguo, akazitazama ngazi zile, akashindwa kushuka hata moja, maana huku ndani kitanda kilikuwa kimeanza kulia. Ameniruhusu niseme hili pia: zipo siku aliomba yaishe. Kisha akajichukia mpaka jioni.

Januari maneno yalikwisha. Ulibaki mlio mmoja, "na, na", na macho yanayofuata watu. Tukadhani naye amekwisha. Tulizoea kukaa kwenye viti kukizunguka kitanda chake pale sebuleni na kuzungumza kana kwamba ni kabati.

Jumapili tarehe 19 Machi 2023, saa nne asubuhi, dada yake alikuja. Tukaanza kama kawaida yetu.

"Daktari alisema miezi mingapi vile?" dada akauliza.

"Kumi na miwili, kumi na mitano," akajibu mkewe. "Wa kumi na mbili umeshapita."

"Na mwenyewe hajui?"

"Atajua nini, dada?" akasema shemeji mtu, na maneno haya atakwenda nayo kaburini. "Huyo hata jina lake halijui tena. Tuzungumzie mahali pa kumzika."

Ngo, ngo, ngo.

Ilikuwa pete ya ndoa kwenye chuma cha kitanda, mkono wa kushoto, ule uliobaki na nguvu. Dada alitazama mlangoni akidhani kuna mgeni. Mkewe peke yake ndiye hakutazama mlangoni. Mlio huo aliwahi kuusikia akiwa ndani ya boksi la chuma.

Alivuta kigoda mpaka kichwani pake. "Fundi. Unatusikia?"

Mara moja.

"Siku zote hizi ulikuwa unasikia?"

Mara moja.

"Unajua unaumwa nini?"

Mara moja.

"Unajua... unajua kwamba hutapona?"

Pete ikagonga mara moja, taratibu.

Mkewe alilia kwa sauti, bila kujikaza. "Nilidhani nakulinda. Kumbe nimekuacha humo peke yako mwaka mzima. Nisamehe, baba." Akamweleza yote: korido, daktari, miezi, uongo, ufunguo mfukoni, hata zile siku alizoomba yaishe. Hakuruka kitu. Alipomaliza aliuliza kama ana hasira naye, na pete ikagonga mara mbili.

Akajifuta uso kwa upindo wa gauni. "Haya, na wewe sema kweli. Ile lifti, ilikuwa mbovu saa nzima na dakika kumi?"

Mara mbili.

"Ilikuwa imeshapona zamani?"

Mara moja. Na nusu ya mdomo wake, ile iliyokuwa bado inamtii, ikacheka. Mkewe naye alicheka mpaka wifi yake akamwuliza kama amepandisha wazimu.

Hatutasema kwamba tangu siku hiyo mambo yalikuwa mepesi. Ghorofa ilikuwa ile ile ya nne. Alizidi kulala, akashindwa kumeza, na mkewe alimgeuza kila baada ya saa mbili mpaka viganja vikachubuka. Lakini kila asubuhi mkewe aligonga chuma mara tatu kabla ya kufungua pazia, na Fundi akajibu. Hakuna aliyezungumza tena juu ya kichwa chake. Mahali hapa tuliposimama alipachagua mwenyewe, kwa ndiyo na hapana, kati ya sehemu nne. Alikataa ile ya kule bondeni mara mbili, kwa nguvu.

Jumanne tarehe 6 Juni 2023, saa moja na robo asubuhi, mkewe aligonga. Jibu lilikuja mara moja tu, halikufika tatu. Saa tatu na dakika arobaini alivuta pumzi ya mwisho, mkewe na mabinti wake wakiwa wamemshika. Alikuwa na miaka hamsini na minne. Mafundi wenzake wanane walimbeba kushuka ngazi sabini na mbili, wakapumzika kila ghorofa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kushuka tangu tarehe 14 Novemba.

Ameacha mke, mabinti wawili, dada yake mkubwa, na shemeji mmoja ambaye hana tena wa kutaniana naye. Wameachwa pia watu wengi tusiowajua, ambao walikwama siku moja wakasikia sauti yake.

Kabla jeneza halijashushwa, mkewe ameomba nafasi moja. Atagonga ubao mara tatu. Tunaomba wote tunyamaze, na asiwepo wa kumvuta mkono kumwambia inatosha.

Umeshafika chini, Fundi. Pumzika. Sisi tupo.