Ujumbe wa Kubadilisha Oili

Ndani ya basi, mama mwenye miwani alimwonyesha simu yake jirani yake wa kiti, fundi magari aliyevaa ovaroli. "Hebu soma, fundi. Eti nipeleke gari wanibadilishie oili ya injini. Gari la umeme! Wananiona mjinga?"

"Hilo halina oili ya injini, mama. Hapo wamechemka."

Kiti cha nyuma yao, karani wa duka la magari aliinamisha kichwa. Ujumbe ule aliuandika yeye. Aliunakili ule wa magari ya petroli, akawatumia wateja wote, akaenda zake kunywa chai.

"Kila mwaka wananitumia huuhuu. Ndiyo maana huu mwaka wa nne sijakanyaga kwao," mama alisema kwa majivuno.

Fundi hakucheka. "Na mafuta ya breki, nani ameyaangalia?"

"Kwani la umeme nalo linayo?"

"Breki ni breki, mama. Ukikanyaga, pedali inazama?"

"Siku hizi inazama. Nilidhani ndivyo magari ya umeme yalivyo."

"Gari liko wapi sasa hivi?"

"Analo binti yangu. Kawapeleka watoto kule mlimani."

Basi lilisimama. Kituo kilikuwa cha karani, lakini hakushuka. Mbele yake, mama alikuwa ameshika simu sikioni. Iliita, ikaita.